Doa la Utomvu kwenye Kanzu ya Baba

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu alikufa na dhiki yangu ikaanza. Alikufa kwa kifua, asubuhi, nyumbani kwake Kaagya. Kufikia saa sita mchana ua ulikuwa umejaa watu, na mtungi wa maji ulikuwa mtupu.

Nimesoma hadi darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na mkono huu umefua nguo za watu wa Bukoba kwa zaidi ya miaka arobaini. Anayetaka lugha ya shule akaitafute shuleni.

Mama alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza alikuwa amekufa zamani, akaacha kijana mkubwa aliyekuwa akifanya kazi mjini. Mama alinizaa mimi tu, msichana. Kibanja chetu, yaani migomba na kahawa inayozunguka nyumba, kilikuwa cha ukoo, na kaka yangu huyo wa mama mwingine ndiye angekirithi. Juu ya hilo hakuna aliyebishana. Neno lilikuwa moja tu: mama angekaa wapi. Baba alilisema wiki mbili kabla ya kufa, akiwa amekaa kitandani, mbele ya mdogo wake na dada yake, yaani baba yangu mdogo na shangazi yangu. Alisema mama asitolewe. Apewe nyumba ndogo ya nyuma na migomba iliyo karibu nayo, akae humo mpaka afe. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji mlangoni, nikasikia. Baba mdogo akaitikia, shangazi akaitikia.

Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza matanga mrithi huvikwa kanzu ya marehemu, akakalishwa kwenye kiti cha marehemu, akapewa muhoro wake, ule mundu wa kusafishia migomba. Kanzu iwe ileile aliyoivaa marehemu, na iwe safi. Kuifua ni kazi ya mjane na binti. Baada ya hapo mrithi anatamka nani anabaki na nani anakwenda wapi. Kwa hiyo mama alijua kwamba maneno ya baba yangetimizwa siku ile au yasingetimizwa kabisa, na ndiyo maana aliishika kanzu ile kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

Kanzu ilikuwa na damu. Baba aliivaa mara ya mwisho kwenda kanisani, akakohoa, damu ikaruka kifuani upande wa kushoto.

Sabuni haikuwepo. Anayeikumbuka miaka ile anajua, hata mwenye fedha hakuipata dukani. Tulioga kwa majani ya mpapai, tukafua kwa maji ya majivu. Mama alinikalisha nyuma ya jiko akanionyesha. Damu haiguswi na maji ya moto, ukiigusa umeipika, itabaki humo mpaka nguo ioze. Maji baridi na chumvi. Chumvi ya nyumba ilikuwa imekwenda kwenye vyungu vya waombolezaji, mama akakung'uta kibuyu, zikatoka punje za kujaza kiganja. Akasugua polepole kwa kidole gumba, akibadilisha maji, mpaka pakawa peupe. Kisha tukailoweka kwenye maji ya majivu ya maganda makavu ya ndizi, yaliyochujwa kwa nyasi ndani ya kopo lenye matundu. Yanateleza mkononi kama sabuni, na ukizidisha yanakula ngozi. Tukaisuuza mara tatu. Mwisho tukaikamulia limau.

"Sasa jua limalizie," mama akasema. "Kaitandaze kwenye nyasi. Nyasi tu, umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikwenda kwenye nyasi. Hazikuwepo. Watu wa msiba walikuwa wamezikanyaga siku tatu, ng'ombe wa kuchinjwa alikuwa amefungwa palepale, pote tope na samadi. Kamba ya kuanikia ilikuwa imefunguliwa wakafungia kuni. Nikasimama na kanzu inadondoka maji. Jua la mwezi wa nne kwetu halingoji, ukichelewa mvua inakukuta.

Nikachukua muhoro wa baba nikaingia migombani, nikakata majani manne mapana. Nikayalaza, nikaitandaza kanzu juu yake.

Hapo nilifanya makosa mawili. La kwanza, siku za msiba hakuna mtu anayeingia na chuma migombani. Migomba inaachwa ipumzike na mwenyewe mpaka matanga yaishe. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. La pili ni utomvu. Mgongo wa jani bichi ukikatwa unatoa maji. Yakiingia kwenye kitambaa kilicholowa huyaoni, ni maji juu ya maji. Yanangoja. Nguo ikikauka ndipo yanapokuja juu, kahawia, halafu meusi.

Mvua ikaja kabla kanzu haijakauka. Nikaikunja mbichi nikaiingiza ndani. Majani nikayatupa bondeni.

Kesho yake, siku ya nne, ndiyo ya kumaliza matanga, mama alitia mkaa kwenye pasi akainyoosha kanzu mbele ya wanawake, kwa fahari kidogo, nadhani. Mkono wa kwanza mweupe, wa pili mweupe. Alipofika kifuani pasi ikapita, na nyuma yake doa likafuata. Lilikuwa pana kama kiganja, kahawia, upande wa kushoto. Palepale ilipokuwa damu.

Mwanamke mmoja akamwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe!" Kanzu ikabebwa nje kwa wanaume.

Baba mdogo aliishika kwa mabega akaiinua watu wote waone.

"Hii ni nini?"

"Utomvu, waitu," mama akajibu, akimwita kwa neno letu la heshima. Alipiga magoti.

"Utomvu? Siku nne hakuna aliyegusa mgomba hapa. Huo utomvu umeanguka na mvua?"

Wanaume wawili watatu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Sijui ulikotoka, waitu. Lakini ni utomvu."

"Mimi naona damu. Si palikuwa na damu hapa?"

"Ilikuwepo, nikaitoa mwenyewe."

"Umeitoa, imerudi. Damu ya ndugu yangu imekataa kutoka mkononi mwako. Ina jambo inalolijua."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye nyasi kavu zilizotandikwa za kukalia karibu na mlango, kitenge kimefunika kichwa. Hakuinua uso.

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe. Njoo hapa. Kanzu ulianika wewe?"

"Ndiyo, tata," nikasema, yaani baba.

"Ulianika wapi?"

Mikono yangu ilikuwa nyuma, nimeifungia kwenye kitenge. Chini ya kucha palikuwa peusi kwa utomvu. Nilimwona mama akinitazama. Nilimwona baba mdogo na ile fimbo yake. Nikawaza watu wote wale wataambiwa kwamba nimeingiza chuma kwenye migomba ya baba yangu kabla hajamaliza wiki kaburini.

"Kwenye nyasi," nikasema.

"Hukukata jani?"

"Hapana, tata."

"Mmesikia," baba mdogo akawaambia watu.

Kaka yangu akavikwa koti la baba badala ya kanzu. Akakalishwa kwenye kiti, akapewa muhoro uleule, ambao kama angeunusa angesikia harufu ya majani yangu. Akatamka alichofundishwa kutamka. Mwanamke ambaye damu ya mume imemrudia hawezi kulala kwenye kibanja cha mume. Mama arudi kwao, Kimwani, kabla ya Jumapili, na mtoto wake wa kike aende naye. Kuhusu nyumba ndogo ya nyuma hakuna aliyesema neno. Kanzu ikatupwa kwenye sanduku la bati.

Tulipokuwa tunafunga mikeka, mama aliniuliza mara moja tu.

"Ulianika wapi, bojo?" Kwetu ni neno la kubembeleza.

Tulikuwa wawili. Hakukuwa na fimbo.

"Kwenye nyasi, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kufunga.

Kimwani ni tambarare, si kama Kaagya. Kuna joto na mbu. Mama hakuwa na ardhi kule, wazazi wake walikuwa wamekufa na kaka zake walikuwa wamegawana. Alilima mashamba ya watu kwa chakula, akalala kwenye jiko la kaka yake. Mwanamke aliyekuwa na migomba yake mlangoni akawa anaombea ndizi. Sikumwona akilia. Nilimwona akikonda, basi. Nilipofikisha miaka kumi na sita nikatafutiwa kazi ya ndani Bukoba mjini. Nikaenda. Nilikuwa nataka kwenda mahali ambapo mama hatanitazama.

Nyumba niliyopata ilikuwa ya bibi mmoja Mwislamu, mjane, baba yake alikuja kutoka Pwani zamani akaoa huku. Alikuwa anafua na kunyoosha kanzu za Ijumaa za wanaume wa mjini, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko magadi. Siku ya kwanza alinipa kanzu yenye chai, nikaikimbiza kwenye maji ya moto.

"We mtoto, nani kakufundisha kupika nguo?"

"Samahani, bibi."

"Usiniombe samahani mie, iombe kanzu. Kwanza unaliuliza doa: wewe nani, umeingia lini, umeingia na nini. Ndipo unatia maji. Mwenye haraka akauze samaki."

Alinifundisha miaka sita. Wino ni maziwa mgando, unaweka, unaacha, unarudia. Kutu ni limau na chumvi kwenye jua, na usiondoke, kaa hapo uiangalie. Mafuta ni unga wa muhogo mkavu, unanyonya. Njano ya kwapa ni siki. Majivu na limau usivitie pamoja kama wanavyofanya wajinga, vinauana, unabaki na maji machafu. Tulivitia kwa zamu hata kule Kaagya, mama alijua. Na utomvu wa ndizi usiutie maji kamwe. Nguo ikiwa kavu unapaka samli, unasugua mpaka ulainike, unafuta, unarudia, ndipo majivu. Lakini uwe wa leo au wa jana.

"Na wa zamani?" nikamuuliza.

"Wa zamani kata kitambaa utie kiraka."

"Hakuna dawa kabisa, bibi?"

Akaacha pasi akanitazama. "Una nguo gani wewe yenye utomvu wa zamani? Umekuja hapa na gauni moja."

Nikainama kwenye beseni nikaendelea kusuuza.

Mama alikufa nikiwa na miaka ishirini na mitano. Alianguka shambani kwa watu, Kimwani, jembe mkononi. Nilifika wameshamzika. Walinipa nguo zake, magauni mawili. Nikayafua pale pale kisimani kwa majivu, mbele ya watoto wa mjomba, yakatoka safi kabisa. Sijui niliyafua kwa ajili ya nani.

Ya baadaye si ya kusimulia sana. Nilifua. Niliolewa, mume akaondoka, nikafua. Nilinunua kiwanja Ijuganyondo wakati watu wananicheka kwamba ni porini. Sikuwahi kuomba. Wakubwa wa mjini wana mashine za kufulia sasa, lakini shati la harusi likimwagikiwa rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, dereva analeta kwangu. Wanasema yule mama wa Ijuganyondo anatoa kila kitu. Ni kweli. Nilikuwa najivunia, na bado najivunia.

Mwaka juzi kaka yangu akafa. Sikuitwa, nilisikia. Siku ya tatu mjane wake, wifi yangu, ambaye tulikuwa hatujawahi kula pamoja, alishuka kwa pikipiki mlangoni kwangu akiwa na kifurushi.

"Wifi, shikamoo," akasema, ingawa tunakaribiana umri.

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai, wifi, watu wako nyumbani. Kijana wangu ndiye mrithi. Anataka kuvaa kanzu ya babu yake, siyo ya baba yake. Anasema ya babu ndiyo yenyewe. Lakini ina doa. Wanasema wewe unatoa kila kitu."

Akafungua. Nilijua kabla hajafungua. Ilikuwa imekuwa njano kama meno ya mzee, na kifuani, kushoto, doa lilikuwa jeusi. Ukiliangalia vizuri uliona mistari ya mgongo wa jani, imenyooka, sambamba. Damu haina mistari.

"Na wewe utakaa wapi?" nikamuuliza.

Akashangaa. "Kwangu. Wapi tena?"

"Nilikuwa nauliza tu. Iache."

Nilikuwa na siku moja. Nilitumia samli, nikasugua mpaka vidole vikaanza kuuma. Nikapaka mafuta ya taa. Nikapitisha majivu, nikasuuza, nikapitisha limau, nikaitandaza juani kwenye nyasi zangu, nyasi nzuri, nimezipanda kwa ajili hiyo. Nikakaa kigodani nikaiangalia. Kanzu yote ikawa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Doa likabaki. Kwenye weupe ule likaonekana zaidi kuliko lilivyokuja.

Basi nikaikunja nikapanda gari la Kaagya nayo. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nakwenda kusema mbele ya ukoo nilichokifanya, nilikokata majani, nilivyojibu nilipoulizwa. Nilitaka watu waseme kwa midomo yao kwamba mama yangu hakuwa na damu ya mtu.

Ua ulikuwa uleule. Nyumba ndogo ya nyuma walikuwa wameigeuza banda la mbuzi. Baba mdogo alikuwa bado hai, amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamefunga ukungu. Shangazi naye alikuwepo, amepinda mgongo. Wengine walikuwa watoto wao na wajukuu wao, watu wa simu.

Nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikampa kanzu. "Imeshindikana, tata. Nami ndiye niliyeiharibu. Siku ile niliingia migombani na muhoro, nikakata majani manne, nikaianika juu yake. Nilipoulizwa nikadanganya. Ule ulikuwa utomvu."

Akapapasa kanzu. Kidole gumba chake kikatembea mpaka kifuani, kikasimama kwenye doa, ingawa hakuwa analiona.

"Mwana wange," akasema, na akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mimi nimezaliwa migombani. Shati langu la kwanza lilikuwa na utomvu kuliko uzi. Unadhani hatukujua utomvu?"

"Mlijua?"

"Nani asiyejua? Hata mbwa wa hapa anajua."

"Sasa kwa nini mlisema damu?"

"Mrithi hakutaka mama wa kambo nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumeshakaa jana yake, tukapatana. Tulikuwa tunatafuta la kusema. Ukatuletea." Akanirudishia kanzu. "Hata ungesema kweli angeondoka. Inuka, magoti yako yanalia."

Ndipo nikakumbuka. Siku ile hakuniambia nionyeshe mikono.

Yule kijana mrithi, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amesikiliza yote. Ana adabu, simsemi vibaya. Akasema, "Basi babu, haina shida, nitume mtu Bukoba aninunulie kanzu mpya." Baba mdogo akasema, "Mpya ni sawa. Siku hizi si lazima iwe ileile." Hakuna aliyepinga. Pikipiki ikaondoka, ikarudi na kanzu kwenye nailoni, bado ina karatasi ya dukani. Wakamvika. Wakapiga makofi. Wifi yangu akaachwa nyumbani kwake bila hata kujadiliwa, na nilifurahi kwa ajili yake, nikaikunja ile kanzu ya zamani nikaondoka.

Nilipofika barabarani nikasikia mtu anakuja nyuma polepole na mkongojo. Shangazi.

"Yule anakudanganya," akasema. Alikuwa anahema. "Au anajidanganya, sijui. Mimi nilikuwa nimekaa pale mlangoni nangoja. Kaka yangu aliniachia neno, nilikuwa nalo mdomoni. Nilijua ni utomvu. Nilisema moyoni, mtoto akisema tu 'nilikata jani,' nasimama. Na wanawake wawili wangesimama na mimi, tulikuwa tumeambizana."

"Sasa mbona hukusimama hata hivyo, shangazi?"

"Ulisema nyasi. Ningesimama juu ya nini?"

Nikamwambia, "Ungesimama juu ya neno la kaka yako."

Akainamisha kichwa vilevile kama siku ile. "Ndiyo," akasema. "Lakini wewe ulisema nyasi."

Gari likaja, nikapanda. Yeye amekufa mwaka jana, baba mdogo miezi michache kabla yake. Sina wa kumuuliza tena ni nani kati yao aliyesema kweli. Bibi alinifundisha kuliuliza doa kabla ya kutia maji. Hili nimeliuliza. Linajibu mawili.

Leo hii nina vitu hivi. Kiwanja Ijuganyondo, kwa jina langu. Nyumba ya vyumba vitatu, bati, sakafu ya saruji. Migomba kumi na minane niliyopanda mwenyewe. Mlimau mmoja, mipapai miwili. Nyasi za kuanikia. Mabeseni saba na pipa moja la majivu. Pasi mbili, ya umeme na ya mkaa. Mbuzi wawili. Magauni mawili ya mama yangu, safi. Kaburi lake Kimwani, nimelijengea. Kanzu moja ya kiume, nyeupe, yenye doa kifuani.